Waliokufa Siku ya Mwisho wa Mwaka

Fundi wa gereji iliyopakana na ghala letu kule Ras Al Khor, hapa Dubai, Mpakistani mmoja mwenye ndevu za hina, aliniuliza siku moja tunafanya nini humo ndani. Alikuwa anatuona wanawake wengi tukiingia asubuhi na kutoka jioni bila kuchafuka mikono. Nikamwambia tunahesabu Wajerumani waliokufa vitani. Akauliza vita gani. Nikamwambia vile vikuu vya pili. Akaweka spana chini akanitazama kwa huruma kabisa.

"Sista," akasema, "hiyo vita khalas zamani. Mpaka leo hawajamaliza kuhesabu?"

Nilicheka, nikaingia ndani kumsimulia Bi Zuhura, naye hakucheka hata kidogo. Alisema fundi yule ameuliza swali la maana kuliko yote aliyowahi kuulizwa na wakubwa wetu. Sasa nimestaafu, nakaa Al Jaddaf kwa binti yangu Lydia, ambaye ni muuguzi na ndiye anayenidhamini viza, na jibu langu kwa yule fundi ni hili. Hawajamaliza, na sidhani kama watamaliza. Nataka niwaeleze kwa nini ninyi mliokalia viti vyetu, maana nimesikia mnaringa kwamba mashine yenu inasoma kwa saa moja kadi ambazo sisi tulizisoma kwa mwezi. Kusoma inasoma, sikatai.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Ujerumani kuna makabati yaliyojaa kadi za askari wa vita vile, na za raia pia. Zilipigwa picha, na picha zikatumwa Dubai kwa sababu mikono ya kuchapa ilikuwa rahisi huku. Sisi Wakenya, Watanzania, Wafilipino na Wahindi tukazichapa. Jina, tarehe ya kuzaliwa, kijiji, kikosi, habari ya mwisho. Chini kabisa kulikuwa na visanduku vitatu, nawe ulitia alama kimoja tu: amekufa, alirudi, hajulikani. Ukishatia alama, kadi hiyo imefungwa, unafungua nyingine. Nilipoajiriwa nilidhani ni kazi ya vidole.

Aliyenifundisha ni huyo Bi Zuhura. Alitoka katika familia ya Waunguja waliokaa Dubai tangu kabla ya maghorofa, na Kijerumani alikijua tangu usichana wake, alipofanya kazi hospitalini Unguja na madaktari Wajerumani. Alikuwa mdogo wa umbo na mkali. Chupa yake ya chai ya hiliki ilikaa sakafuni siku zote, kwa sababu alisema chai haikai meza moja na marehemu. Siku yangu ya kwanza aliniambia mambo matatu, na nayaweka hapa kama alivyoyasema, ili yasipotee na sisi.

La kwanza, usianze na jina. Majina yanafanana, na watu huyaandika wanavyoyasikia. Anza na tarehe ya kuzaliwa, kisha kijiji, kisha jina la baba. Jina la mtu mwenyewe lije mwisho kukuthibitishia tu. La pili, iogope kadi safi. Kadi ya mstari wa mbele ina penseli na matope; iliyo nadhifu imenakiliwa baadaye ofisini na mtu ambaye hakuwepo. La tatu, geuza kadi. Mambo ambayo serikali iliona haya kuyaandika mbele, iliyaandika nyuma.

Mashine ya kwanza kuletwa ghalani haikujua lolote kati ya hayo matatu. Ilisoma alama ya duara iliyoachwa na kikombe cha kahawa ikadhani ni sifuri, ikampa askari mmoja tarehe ya kufa iliyotangulia ile ya kuzaliwa. Mkubwa wetu akapitisha. Bi Zuhura alikwenda na karatasi hiyo ofisini kwake, akamwomba kwa adabu zote, "Sir, huyu tumwandikie rambirambi au hongera?"

Kila majira ya baridi alikuja Madam Ingrid kutukagua. Alikuwa Mjerumani mrefu, wa maneno machache, ambaye maisha yake yote yalikuwa ni kadi hizo. Mara ya kwanza tuliketi tukitarajia atatuambia idadi kamili, ili tujue tunaelekea wapi. Hakutuambia. Alisema vitabu vinavyoheshimika vinapishana kwa zaidi ya watu milioni moja, na hapo ni askari peke yao. Raia ndio kabisa.

Nilishangaa mno. Nilikuwa nadhani Mzungu akifa anaandikwa, basi. Madam akatueleza kwamba kwa miaka mingi ya vita kila kikosi kilipeleka majina ya waliokufa, na karani akayaingiza. Kisha ikaja miezi ya mwisho. Makarani walikimbia, makaratasi yakaungua, na vikosi vizima vikapotea na daftari zao. Wakati watu walipokufa kwa wingi kuliko wakati wowote ndipo uandishi ulipokatika. Halafu kuna waliotekwa wakapelekwa mbali, baadhi wakafia kambini bila kadi, baadhi wakarudi miaka mingi baadaye. Na Mjerumani ni nani? Kuna waliochukuliwa kwa nguvu kutoka nchi za mipakani wakavalishwa gwanda. Kitabu kimoja kinawaingiza, kingine kinawatoa. Kuna wazee na wanafunzi waliopewa bunduki na kitambaa cha kufunga mkononi wiki za mwisho. Hao ni askari au ni raia?

Kwa raia alitueleza miji iliyopigwa mabomu ikiwa imejaa wakimbizi ambao hakuna aliyewaandika walipoingia. Na wale waliofukuzwa kutoka majimbo ya mashariki vita vilipokwisha, watu walikokotoa hivi: walikuwa wangapi kabla, wamefika wangapi baadaye, ondoa, waliopungua wamekufa. Bi Zuhura akainua mkono.

"Madam, tuseme sisi tumetoka Unguja watu mia, Dubai tumefika tisini. Wale kumi wamekufa? Wengine si wameshuka Maskati wakaoa?"

Madam Ingrid alicheka, na ndiyo mara pekee niliyomwona akicheka. Akasema mabwana wakubwa wamegombana miaka na miaka kwa sababu ya swali hilo hilo. Kisha akatuambia jambo ambalo alisema hapendi lisahauliwe ghalani kwetu. Wapo Wajerumani waliouawa na serikali yao wenyewe, Wayahudi, na wagonjwa waliotolewa hospitalini, na baadhi ya hesabu za wafu wa Ujerumani zimewaacha nje kana kwamba hawakuwa wa kwao. Alituomba tukikuta kadi zao tusizipitishe haraka.

Bi Zuhura akainua mkono tena. Safari hii sauti yake ilikuwa ya chini.

"Na babu yangu mzaa mama, Madam? Wajerumani walimchukua Bagamoyo vile vita vya kwanza, awabebee mizigo. Hakurudi. Kadi yake iko kabati gani?"

Madam alimgeukia. "Wapagazi wengi hawakuandikwa," akasema. "Samahani."

"Basi," akasema Bi Zuhura, "nilitaka kujua tu." Akainama kufunga chupa yake ya chai, ambayo ilikuwa imefungwa tayari.

Sasa niwaambie kilichonileta Dubai, maana sikuja kuhesabu Wajerumani. Nilikuja kumtafuta kaka yangu.

Kaka yangu Wafula alinitangulia hapa. Alikuwa dereva wa lori, na kampuni yake ilikuwa Ras Al Khor hiyo hiyo, mitaa miwili kutoka ghala letu. Vita vilipokuwa vikiendelea nchi ya jirani, kafeel wake, tajiri aliyemdhamini viza, aliwaambia madereva kuna safari ya kupeleka vyakula mpakani na kurudi. Walipofika mpakani wakaambiwa wavuke. Simu yake ya mwisho alimpigia mkewe Nasimiyu nyumbani Bungoma, akamwambia asimuuze ng'ombe mweusi, atarudi kabla hajazaa. Ng'ombe alizaa. Baadaye dereva mwenzake alirudi akasema aliliona lori la Wafula barabarani limeungua. Lori aliliona. Mtu hakumwona.

Nilipofika Dubai nilikuta geti la kampuni lina mnyororo na kibao kimeshushwa. Ubalozini waliniambia hawana rekodi. Yule kafeel nilimpata kwa simu mara moja tu, akasema Wafula alitoroka kazini. Ndivyo alivyoandikwa. Hakuwa askari, kwa hiyo hakuna jeshi lililomwandika. Hakuwa mwananchi wa nchi ile, kwa hiyo waliohesabu raia wao hawakumhesabu. Dubai yeye ni mtoro. Nilizunguka miezi mitatu, fedha zikaniishia, na ndipo nikaomba kazi kwenye lile ghala, kwa sababu lilikuwa karibu na lile geti. Kila asubuhi nilipitia njia ile kwa makusudi, nikautazama mnyororo.

Kwetu Bungoma mtu akipotea moja kwa moja, wazee wa ukoo wakiridhika kwamba hayupo tena, huzikwa mgomba. Unakatwa mgomba, unavikwa koti lake, unachimbiwa kaburi, watu wanalia kweli kweli, wanakula, wanatawanyika. Kuanzia siku hiyo mke ni mjane na hakuna anayeuliza tena. Wazee walikuwa tayari kumzika Wafula hivyo. Mama alikataa. Mwisho wakakubaliana kwamba mimi niliyeko Dubai ndiye nitakayejua. Nikisema, watazika. Nasimiyu hakuwa na neno, au tuseme hakuna aliyemuuliza.

Shikeni hapo kwanza, nirudi kwenye kadi. Mwaka wangu wa pili nilipewa rundo lenye muhuri wa mahakama. Nilifungua kamusi, nikaelewa: mahakama imemtangaza mtu huyu amekufa, kwa ombi la mkewe. Hakuna aliyeuona mwili. Nilielewa mara moja kuliko wenzangu wote, nikajiona mjanja, kwa sababu jambo hilo kwetu lipo. Wajerumani wamezika mgomba. Na mgomba ukishazikwa, mambo yamekwisha. Nikatia alama kisanduku cha kwanza, amekufa, kadi baada ya kadi, kwa wiki tatu, nikapongezwa na mkubwa kwa kasi.

Bi Zuhura alikuja mezani kwangu na orodha yangu mkononi.

"Nambie, mwanangu. Tarehe thelathini na moja Desemba kulipiganwa wapi?"

"Sijui, Bi."

"Maana wako wamekufa wote siku hiyo. Huyu Urusi, huyu baharini, huyu Ufaransa. Na vita viliisha Mei. Ilipita tauni gani?"

Nilikuwa nimeiona tarehe ile ikijirudia, na sikujiuliza. Akavuta kiti akaketi, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

"Hii ni siku ya karatasi," akasema. "Mke amengoja, mume harudi. Anakwenda mahakamani. Hakimu hajui yule bwana amekufa lini, wala hajui kama amekufa. Lakini muhuri unataka tarehe. Basi anachukua siku ya mwisho ya mwaka ule vita vilipokwisha, anaigonga. Wako maelfu kwa maelfu wamekufa hivyo. Karatasi hii ni ya mke, mwanangu, si ya mume. Wewe umeichukua ukamzikia mume."

"Sasa nifanye nini?"

"Zirudie zote. Kama hakuna ushahidi mwingine, kisanduku cha tatu. Na usinichukie."

Nilimchukia sana, wiki nzima. Nilizirudia. Na ninyi mnaodhani kurudia kazi ni aibu, subirini msikie.

Siku za mwisho za kurudia ilipita kadi ya mtu nitakayemwita Kurt, seremala, mwenye vidole viwili vilivyokatika mkono wa kushoto. Mkewe alikuwa amekwenda mahakamani, na Kurt akafa Desemba thelathini na moja kama wenzake. Vile vidole vilinikaa kichwani. Miezi kadhaa baadaye, kwenye rundo tofauti kabisa, kadi za mateka waliorejea, nikamkuta seremala mwenye vidole viwili vilivyokatika mkono wa kushoto. Nikaanza na tarehe ya kuzaliwa. Ni hiyo hiyo. Kijiji, ni hicho hicho. Jina la baba, ni hilo hilo. Mwisho nikalisoma jina lake, nalo likawa lile lile.

Madam Ingrid alifuatilia. Majibu yalikuja baada ya muda mrefu. Kurt alitoka kambini miaka kadhaa baada ya vita. Njiani aliambiwa kwamba yeye ni marehemu na mkewe ameolewa. Hakuenda hata kubisha hodi. Alishukia mji mwingine, akatengeneza madirisha na milango mpaka uzeeni, akafa kitandani. Na miaka yote hiyo, kwenye madaftari ya vita, aliendelea kuhesabiwa miongoni mwa askari waliokufa. Nilifuta alama moja nikaweka nyingine. Alirudi. Kati ya mamilioni nilipunguza mmoja, kwa kidole hiki, na mchana ule sikuweza kula kwa furaha.

Nanyi mmeshajua nilichofanya baada ya hapo. Nilipiga simu nyumbani. Nilimwambia Mama na wazee, "Msizike. Watu hurudi. Nimeona kwa macho yangu."

Nilikuwa na haki kama mhesabuji, na mpaka leo nasema hivyo. Lori lililoungua si mtu. Kutoonekana si kufa. Ukitia alama kwa sababu umechoka kungoja, umedanganya, na uongo wa namna hiyo ukirudiwa na makarani wengi ndio unaofanya vitabu vipishane kwa milioni. Hilo nililijua, nikalishika kwa mikono miwili. Kila mwaka wazee waliuliza, kila mwaka nikajibu hivyo hivyo: hajulikani. Nilijisikia mwaminifu sana.

Sikuambiwa kwamba fundi cherehani mmoja wa sokoni, aliyefiwa na mkewe, mtu mpole, alitaka kumwoa Nasimiyu kanisani. Padre aliuliza mume wa kwanza yuko wapi. Nasimiyu akasema wifi yake aliyeko Dubai bado hajajua. Fundi alingoja miaka miwili, kisha akaoa kwingine. Haya niliyasikia kwa jirani, na baada ya Mama kufariki. Mama alifariki akiwa upande wangu. Jioni aliendelea kuweka sahani ya Wafula, na aliyeiosha asubuhi alikuwa Nasimiyu.

Bi Zuhura alistaafu kabla yangu. Kampuni ilitukodia basi ikatupeleka Hatta kumuaga. Tulikula biriani karibu na bwawa, chini ya milima ile mikavu, na wasichana wa Kikenya wakamwimbia mpaka akawaomba wapumzike. Ilikuwa mchana, saa nane hivi. Simu yangu ikalia. Nasimiyu hakuwa na kawaida ya kunipigia, kwa hiyo nilisogea pembeni haraka.

"Wifi, uko kazini?"

"Leo tumepumzika. Kuna nini? Nani anaumwa?"

"Hakuna anayeumwa. Nilikuwa nataka kukuambia kitu cha jana kanisani." Nilisikia anatafuta maneno. "Padre alitenga viti. Alitaka kuwaombea wajane, wakaitwa mbele. Wenye waume zao wakakaa nyuma yao. Wasichana upande ule mwingine."

"Ukakaa wapi?"

"Nilianza kwenda mbele. Mama mmoja akanishika kanga, akaniuliza, wewe nani amekuambia ni mjane? Nikarudi kwa wenye waume. Wakanisogezea nafasi, lakini unajua vile watu husogea. Nikasimama mlangoni mpaka ibada ikaisha."

Nikamwambia pole. Nikaanza kumweleza tena habari za Kurt, mambo ya ushahidi, lori na mtu. Aliniacha niseme mpaka nikaishiwa.

"Wifi," akasema, "mimi sikuulizi kama Wafula amekufa. Hilo wewe hujui, na mimi sijui. Mimi nauliza, nihesabiwe wapi?"

Nilikaa kwenye jiwe. Nililia, nawaambieni ukweli, nikiwa na sahani ya biriani mkononi. Bi Zuhura aliniona akaja taratibu, nikamweleza yote, hata ya fundi cherehani. Alisikiliza huku anautazama mlima. Nilidhani atanifariji.

"Nilikwambia karatasi ile ni ya mke, si ya mume," akasema. "Ulisikia nusu ukaondoka nayo. Ulichoshika ni kwamba si ya mume."

"Lakini Bi, nikisema azikwe na hatujui, si nimedanganya?"

"Umdanganye nani? Wale mahakimu unadhani walikuwa wajinga? Walijua vyema hakuna aliyekufa siku ile. Walimpa mwanamke mahali pa kukaa. Sisi tunaohesabu ndio tuliokuja nyuma, tukaisoma karatasi yake kana kwamba iliandikwa kwa ajili yetu." Akanyanyuka, akapangusa baibui. "Kuna hesabu ya waliokufa na kuna hesabu ya waliobaki, mwanangu. Umefanya kazi miaka yote kwenye moja. Haya, yalla, mpigie. Mie sikustaafu niangalie watu wanalia."

Nikapiga. Nasimiyu alipokea hata kabla haijalia vizuri. Nikamwambia awaambie wazee nimesema wazike. Hakushukuru wala hakulia. Aliuliza koti lipi. Nikamwambia lile jeusi la harusi.

"Mchonga msalaba atataka tarehe," akasema.

Miaka ile yote nilikuwa nikifikiri juu ya tarehe. Siku ya simu ya mwisho. Siku lori lilipoonekana. Zote nilizipima na zote zilikuwa zinadai kujua kitu ambacho sikijui. Sasa ilinijia bila kufikiri.

"Aandike Desemba thelathini na moja, mwaka ule aliovuka mpaka."

Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Ndiyo siku aliyokufa?"

"Hapana, wifi. Hiyo ni siku yako."

Walizika Jumamosi iliyofuata. Jumapili Lydia alipokea picha kwenye simu akanionyesha. Imepigwa kutoka nyuma ya kanisa, na inaonyesha vichwa vya watu tu. Kiti cha mbele, palipo na wajane, wa pili kutoka kushoto, ana kitambaa cheupe. Nilimjua kwa mabega.

Mimi nilirudi kazini nikaendelea kutia alama visanduku, kwa ukali ule ule, mpaka nilipostaafu. Msinielewe vibaya. Kwenye hesabu ya waliokufa sijalegeza kitu, na ninyi msilegeze. Mkikuta watu wengi wamekufa siku moja ambayo haikuwa na vita, simameni mjiulize karatasi ile ilikuwa ya nani.

Kabla ya kuondoka ghalani nilichukua kadi tupu moja, kwa ruhusa, nikaijaza kwa penseli. Tarehe ya kuzaliwa, kijiji, jina la baba, kisha Wafula. Habari ya mwisho: alimwambia mkewe asimuuze ng'ombe. Kikosi niliacha wazi. Mbele nimetia alama kisanduku cha tatu; nyuma nimeandika ile siku ya Nasimiyu. Kadi hiyo nimemkabidhi Lydia, naye nimemwambia siku moja aipeleke palipo na makabati, maana nina hakika ipo siku mtu ataanza kuwahesabu madereva wale pia. Ikifika kwenu, mashine itaisoma sehemu ya mbele na kusema hajulikani, na itakuwa imesema kweli. Ninyi igeuzeni.